Tela Lisilo na Ukuta

Alfajiri, kabla jua halijachomoza upande wa Bariadi na kabla maji ya Ghuba ya Speke hayajapata rangi, dereva wa tela bapa huko Nassa hutwaa kipande cha nondo mkononi, akauzunguka mzigo wake taratibu, na kila afikapo penye mnyororo huugonga mara moja, kisha hutega sikio. Mnyororo uliokazwa barabara hulia kwa sauti nyembamba, mfano wa kengele ndogo. Uliolegea hutoa sauti nzito na butu, na sauti hiyo ikisikika safari haianzi. Nilipomwona dereva mmoja akifanya hivyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni mazoea yake mwenyewe. Lakini baada ya kukaa na watu wa kazi hii, kupanda kabini nao na kunywa chai nao kwa mama lishe kandokando ya barabara ya Mwanza na Musoma, nimetambua kuwa katika pigo lile moja na usikivu ule mmekusanyika karibu elimu yote ya ufundi wao.

Msomaji ambaye hajapata kulikaribia gari la namna hii pengine atauliza tela bapa ni nini. Magari makubwa ya mizigo tuyaonayo katika barabara kuu hayakuumbwa namna moja. Liko la tangi, lichukualo mafuta. Liko la sanduku, lifungwalo mlango kwa kufuli. Liko lenye mbavu ndefu za kando, lichukualo magunia ya nafaka. Na liko lile libebalo kontena, ambalo humkabidhi dereva kasha lililokwisha kufungwa na kutiwa lakiri, asijue hata kilichomo. Tela bapa ni sakafu tu, yenye urefu wa futi 40, yaani mita 12 na kitu, iliyowekwa juu ya ekseli 3 na kuvutwa na kichwa cha gari. Halina mbavu wala paa, maana shehena zake aghalabu ni zile zisizokubali kutiwa ndani ya kitu: nondo za kujengea, mabomba ya maji, nguzo za umeme, transfoma, mabati, mashine za kiwandani, vyuma vya migodini, na katika nchi yetu ya Usukuma, marobota ya pamba. Kinachouzuia mzigo usianguke ni minyororo, mikanda, kamba, turubai, na akili ya mtu. Kwa hiyo nikisema kuwa ukuta wa tela hilo ni dereva mwenyewe, sisemi kwa kupamba maneno.

Nassa yenyewe ni mahali padogo penye historia kubwa kuliko ukubwa wake. Leo imo katika wilaya ya Busega, iliyozaliwa pamoja na mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Zamani tulihesabiwa kuwa watu wa Magu, katika mkoa wa Mwanza. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianzia kazi yao ya nchi hii hapa Nassa mwaka 1909, na kijiji kimoja huitwa hata leo kwa jina la kiwanda cha kuchambulia pamba, Nassa Ginnery. Jina hilo lenyewe ni ushahidi, kwa kuwa penye jineri pana mizigo, na penye mizigo hapakosi mchukuzi. Kabla reli ya Mwanza haijakamilika mwaka 1928, pamba ya pwani hii ya ziwa ilikuwa na njia moja ya kuifikia bahari, nayo ni maji: kwa mashua hadi Mwanza, kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikwisha kufika tangu 1901. Pamba ya Nassa ilivuka ziwa zima kwenda kaskazini ili ipate kurudi kusini na mashariki. Ilikuwa safari ya ajabu, lakini hapakuwa na nyingine.

Na kabla ya reli na meli walikuwako wapagazi, ambao siwezi kuandika juu ya madereva bila kuwataja, kwa sababu madereva ni wajukuu zao katika kazi ikiwa si katika damu. Wasukuma na jamaa zao Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa misafara ya karne ya 19. Walikwenda kwa miguu kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila 2, yaani kama kilo 32, ukifungwa kwa namna ya kutomuumiza bega wala kumponyoka katika kivuko cha mto. Tela bapa likichukua tani 30 limechukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 900. Huo ni msafara mzima, na kiongozi wake, yule aliyekuwa akiitwa kirangozi, leo ameketi peke yake nyuma ya usukani na utingo mmoja kando yake. Tena neno moja la msafara limevuka karne nzima bila kubadilika hata herufi, nalo ni posho. Chakula alichopimiwa mpagazi njiani kiliitwa posho. Fedha anayopewa dereva leo kabla ya kuondoka huitwa posho ya safari. Nitalirudia neno hili hapo mbele, kwani ndani yake mna mashaka mengi.

Lakini tela kubwa la kisasa halikuanzia kwetu Kanda ya Ziwa. Lilikomaa katika njia ya Zambia. Mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao, Zambia haikuweza tena kuitegemea njia ya kusini iliyokuwa ikipitishia shaba na mafuta yake, na mlango ilioutazamia ulikuwa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yakaanza kupanda na mapipa ya mafuta na kuteremka na shaba, katika barabara ya udongo iliyokuwa ikiua magari na watu, hata ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shaba ni mzigo mzito mno, na hufungwa juu ya sakafu ya tela bila ukuta. Katika njia ile madereva wengi wa nchi hii walijifunza kuwa uzito na wingi ni mambo mawili, kwani tela laweza kuonekana tupu, mna mafungu machache tu ya shaba yaliyolala chini, kumbe limekwisha kujaa hadi ukomo wake.

Nondo ndizo zinazodhihirisha somo hilo hapa kwetu, na dereva aliyenichukua alikuwa amepakia nondo Mwanza. Nondo moja ya milimita 12 ina urefu wa mita 12 na uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo. Tani 28 ni nondo kama 2,600, zikiwa zimefungwa katika mafungu kwa waya. Zikilazwa juu ya tela hazifiki hata kimo cha goti la mtu mrefu, na mpita njia akitazama ataona gari kubwa limechukua kitu kidogo. Hajui kwamba amelitazama gari la hatari kuliko mengi, maana chuma juu ya chuma huteleza, na nondo ni ndefu, nyembamba, nyororo kwa mafuta ya kiwandani, na zote zimeelekeza ncha zake upande mmoja, nao ni mgongo wa dereva. Akanyagapo breki kwa ghafla, gari husimama lakini mzigo haujapata habari. Wenyewe huendelea na mwendo uleule uliokuwa nao, na kama hakuna cha kuuzuia, hupita katika kabini kama mkuki upitavyo katika pazia. Ubao wa chuma uliosimamishwa mbele ya tela husaidia, walakini hautoshi peke yake, wala hakuna dereva mwenye busara anayeuamini peke yake.

Hivyo kabla ya fungu la kwanza kuteremshwa na winchi, dereva hutandika magogo ya mbao sakafuni kwa kukingama. Magogo hayo yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuacha nafasi ya kupitisha kamba ya winchi wakati wa kushusha. Ya pili, ambayo wajinga hawaijui, ni kwamba chuma hakitelezi juu ya mti kama kinavyoteleza juu ya chuma mwenzake. Baada ya safu ya kwanza hutiwa mbao nyingine, kisha safu ya pili, na kila fungu hufungwa na mwenzake kabla yote hayajafungwa na tela. Mnyororo nao una adabu yake. Ukishuka wima kutoka juu ya mzigo hadi ukingoni mwa tela, nguvu yake yote hugandamiza. Ukilala kwa mshazari, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea bure. Katika nchi za Ulaya mambo haya yameandikwa kwa hesabu: mzigo ufungwe hivi kwamba uweze kustahimili, ukisukumwa mbele, nguvu ya sehemu 8 katika 10 za uzito wake, na ukisukumwa kando au nyuma, sehemu 5. Marekani sheria humtaka dereva aukague mzigo katika maili 50 za kwanza za safari, yaani kilomita 80, na baada ya hapo kila saa 3 au kila maili 150. Dereva wangu hakuisoma sheria hiyo mahali popote. Hata hivyo alisimama Magu, akashuka na kipande chake cha nondo, akagonga.

“Wa nyuma umeukagua?” alimwuliza utingo, kijana aliyekuwa akijifunza kazi.

“Nimeuangalia, mzee.”

“Sikukuuliza kama umeuangalia. Umeugonga?”

Kijana akarudi nyuma, na baada ya kitambo tukasikia mlio. Mzee akaitikia kwa kichwa. Minyororo hulegea baada ya mwendo wa kwanza, alinieleza, kwa sababu mzigo hukaa. Mafungu hujipanga, magogo hubonyea, na nafasi ndogo ambazo macho hayakuziona hujaa. Aliyeufunga vizuri asubuhi na asiurudie adhuhuri ni sawa na ambaye hakuufunga.

Pamba ina desturi nyingine kabisa. Mkulima huileta ghalani pa chama cha msingi kwa mkokoteni wa ng'ombe au kwa baiskeli. Malori ya kadiri huichukua kutoka vijijini hadi jineri. Huko mbegu hutengwa na nyuzi, nazo nyuzi, ambazo ni kama theluthi moja tu ya uzito wa pamba iliyoletwa, hugandamizwa kwa mashine hata ziwe marobota magumu. Robota la desturi lilihesabiwa ratili 400, sawa na kilo 181, hivyo tani 28 ni marobota yapatayo 154. Hayo hujenga juu ya tela ukuta mrefu, mweupe, na sasa hofu ya dereva si tena kuteleza kwa mzigo bali ni mambo matatu: upepo, mvua na moto. Upepo wa uwanda wa Wembere hulisukuma gari refu kando kama mtu asukumavyo mlango. Mvua ikipenya turubai huiharibu pamba, na hasara hutafutiwa mtu. Ama moto, huo ni adui asiye na haraka: cheche moja ikiingia katika robota huweza kufukuta ndani kwa ndani siku nyingi, pasipo mwali wala moshi wa kuonekana, ikaja kuwaka safari ikiwa imekwisha kufika mbali. Kwa sababu hiyo katika uwanja wa jineri sigara ni mwiko, na dereva wa pamba asiyejizuia sigara karibu na mzigo wake hapewi mzigo mara ya pili.

Kutoka Nassa njia ni mbili. Ya kwanza hupitia Magu, huvuka mto Simiyu, hufika Mwanza, ikateremka Usagara na Shinyanga. Ya pili hupanda kidogo kaskazini hadi Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la mbuga ya Serengeti, kisha hupinda kwenda Bariadi, Maswa na Mwigumbi hata kukutana na ile ya kwanza. Barabara ya Lamadi na Bariadi, yenye kilomita 71.8, ina lami sasa, na anayeikumbuka ilivyokuwa zamani hawezi kuipita bila kushukuru. Watu wa mjini husema barabara mbaya wakiwa na maana ya vumbi na mashimo. Sisi tuna maana nyingine. Ardhi yetu ya tambarare ni udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua ikinyesha saa moja tu hugeuka gundi. Tela lililokwisha kuzama humo hata ekseli husubiri jua, na jua halina miadi na mtu. Juu ya vilima kuna luseni, mchanga wenye hisani zaidi, nao wazee walipitisha njia zao huko kwa maarifa. Barabara kuu zikapita penginepo kwa sababu nyingine, na pamba ya vijijini ingali inatoka katika mbuga.

Dereva wa kanda hii haendi Dar es Salaam kila juma. Wengi wao huzunguka katika mikoa ya ziwa: nondo na mabati kutoka Mwanza, mitambo na gololi za kusagia mawe kwa migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara, mabomba kwa miradi ya maji, vyuma vya reli mpya ya kutoka Mwanza hadi Isaka. Aliyekuwa akienda Geita zamani alilala Kigongo akingoja kivuko, mara nyingine siku nzima, gari lake likiwa katika foleni ndefu na mzigo wake mikononi mwa usiku. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na kidogo, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, foleni ile ikawa hadithi. Sijaona furaha ya kweli kama ya madereva waliponisimulia walivyovuka siku za kwanza. Walikuwa wakitaja dakika.

Akipata mzigo wa Dar es Salaam, hesabu yake kuu inakuwa mizani: Tinde, Njuki, Nala, Mikese, Vigwaza, na nyinginezo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilitungwa mwaka 2013, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Ukomo wake ni tani 56 kwa gari lenye ekseli 7, na kila ekseli ina fungu lake. Kichwa chenye ekseli ya usukani kina tani 8 mbele na tani 18 katika ekseli mbili za kuvutia. Tela lenye ekseli 3 na matairi mawilimawili lina tani 24. Jumla ni tani 50, na ukiondoa uzito wa gari lenyewe hubaki takriban tani 30 na ushei za shehena. Hapa wengi hukosea. Gari laweza kuwa na jumla iliyo halali na hata hivyo likashindwa mizani, kwa kuwa mzigo umewekwa mbele mno na ekseli za kichwa zimeelemewa, au nyuma mno na za tela zikalalamika. Nusu mita ya kuusogeza mzigo siku ya kupakia huokoa siku nzima ya kusimamishwa. Dereva hodari husimama kando ya winchi na kuelekeza kwa mkono, wala haoni haya kumwambia mpakiaji ainue tena na kurudisha nyuma.

Madereva wengi huichukia mizani, na katika hili mimi siko pamoja nao. Wahandisi wa Marekani walifanya majaribio huko Illinois kati ya 1958 na 1960, wakiyapitisha malori yenye uzito mbalimbali juu ya barabara zilezile kwa miezi mingi, wakagundua kuwa madhara ya ekseli hayaongezeki kwa kadiri ya uzito bali kwa kipeo cha 4 cha uzito huo. Maana yake ni kwamba ekseli iliyozidishwa sehemu 1 katika 5 huiharibu barabara maradufu. Tani chache ambazo mwenye gari alizichuma leo huzilipa sisi sote kesho, na wa kwanza kuzilipa ni dereva mwenyewe, kwa springi zilizovunjika na tairi lililopasuka usiku mahali pasipo na mtu, akikata matawi na kuyalaza barabarani nyuma ya gari lake ili wenziwe wajue kuwa mbele kuna aliyeharibikiwa.

Baada ya Igunga huja Shelui, na baada ya Shelui mlima Sekenke, ambako ukuta wa Bonde la Ufa hupanda kwa ghafla kwenda Misigiri. Kupanda huchosha injini. Kuteremka hupima mtu. Anayerudi kutoka pwani na shehena ya chuma hufika ukingoni pale juu akauona uwanda wa Wembere chini yake, wazi, wa rangi ya majani makavu, na gari lote humtaka akimbie. Kuna madereva ambao mahali kama hapo hutoa gia ili gari lishuke lenyewe na dizeli ibaki, kwani dizeli inayobaki ni fedha. Gari lisilo na gia hushikiliwa na breki peke yake. Breki zikishikiliwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Kanuni ya wazee ni fupi: shuka kwa gia uliyopandia. Nimeona chini ya mlima ule mabaki ya magari ambayo sikutaka kuuliza habari zake.

Sasa nirudi kwenye posho. Dereva wa namna hii aghalabu hupewa kabla ya safari fungu la fedha la chakula, malazi, pancha na mambo ya njiani, na kinachosalia ni chake. Tena ijara yake kwa wengi huhesabiwa kwa safari, si kwa siku. Anayelala katika nyumba ya wageni amekula sehemu ya mshahara wake, basi hulala kabini, au halali. Anayengoja siku mbili uwanjani mwa kiwanda mzigo haujawa tayari amefanya kazi siku mbili bila kulipwa, basi akipata mzigo hukimbiza siku zilizopotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, na pamoja na saa za ziada kazi isizidi saa 12 kwa siku; lakini sheria hiyo husoma mikataba, na wengi hawana mkataba wa kusomwa. Madereva walipogoma nchi nzima katika Aprili na Mei ya 2015, mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yao makuu. Katika Umoja wa Ulaya dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 4 na nusu pasipo kupumzika dakika 45, na chombo kilichofungwa ndani ya gari huandika kila dakika, wala hakipokei maelezo. Mimi naamini, na nasema bila kumung'unya, kuwa malipo ya kwa safari huua watu wengi kuliko breki mbovu, na kwamba mwendo wa kilomita 80 kwa saa uliowekwa kwa magari haya hautalindwa na askari yeyote maadamu tumbo la dereva linavuta upande wa pili.

Kijana mmoja wa kwetu alinieleza jinsi tajiri wake, ambaye simtaji, alivyomkata posho ya safari tatu kwa marobota mawili yaliyolowa. Turubai lilikuwa na tundu tangu kabla hajalipokea, naye alilitaja tundu hilo kwa mdomo. Hakuliandika. Alipokuwa akisimulia hakulalamika. Aliniambia tu kwamba tangu siku ile ana daftari. Akanionyesha. Lilikuwa daftari la shule, na kila ukurasa ulikuwa na tarehe, idadi ya minyororo, hali ya kila mkanda, hali ya turubai, na sahihi ya aliyemkabidhi. Nimeona hati za bandari zisizo na unadhifu ule.

Tulifika Nassa na zile nondo za Mwanza mchana, jua likiwa kali na mama mmoja mzee kando ya njia akitusalimu kwa Kisukuma kana kwamba tumetoka mbali sana. Dereva alirudisha tela kinyumenyume katika uchochoro wa ghala la vifaa vya ujenzi ambao mimi nisingethubutu kuupitisha mkokoteni, utingo akimwongoza kwa kupiga bati la ubavuni. Minyororo ikafunguliwa mmoja mmoja, kuanzia wa katikati. Kwetu hakuna winchi. Vijana waliokuwa wakingoja kivulini walivua mashati, wakayakunja, wakayaweka mabegani, wakakata waya wa fungu la kwanza. Kisha watatu watatu wakajitwisha nondo sita sita, wa mbele akitangulia kusema hatua, ncha za chuma zikipinda nyuma na mbele na kuchezacheza kwa mwendo wao. Safari zaidi ya 400 kutoka telani hadi ghalani. Dereva alikaa juu ya gogo na daftari gotini akihesabu, na kila safari ya kumi alikata mstari. Magharibi ilipokaribia, mstari wa mwisho ukakatwa, mwenye ghala akatia sahihi, minyororo ikarudishwa sandukuni ikiwa imekunjwa, na utingo akapanda juu ya ile sakafu tupu na ufagio wa matawi.